KABLA YA JIWE LA MSINGI, WAULIZWE WENYE JIJI



Jumapili moja baada ya ibada, wakazi wapatao hamsini wa mtaa mmoja wa mashariki ya Nairobi walibaki katika ukumbi wa kanisa lao ili wajadili jambo ambalo halikuwamo katika matangazo ya siku hiyo. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba eneo la katikati ya jiji litafanyiwa marekebisho makubwa: wachuuzi wataondolewa kando ya barabara, matatu zitasukumwe nje, na majengo marefu yatainuka mahali palipo na maduka ya zamani. Nami nilikuwamo ukumbini humo, na yale niliyoyasikia ndiyo yaliyonisukuma kushika kalamu.

Mzee mmoja, karani mstaafu, aliunga mkono mabadiliko hayo bila kusita. Alisema kwamba mji mkuu uliojaa taka na msongamano ni aibu kwa taifa zima. Tena akatukumbusha kuwa ada za maegesho, kodi za ardhi na leseni za biashara hutoka kwa wingi katikati ya jiji. Pale pakiharibika, alisema, hazina ya kaunti itakauka. Na hazina ikikauka, mitaa yetu nayo itakosa hata kile kidogo inachopata.

Kijana mmoja, utingo wa matatu, alisimama akampinga kwa heshima. "Mzee wangu," alisema, "abiria akiteremshwa mbali na kazi yake, atatembea kwa miguu au atalipa nauli mara mbili. Mshahara wake hautaongezwa kwa sababu jiji limependeza."

Ndipo akasimama mama mmoja ambaye kwa miaka mingi ameuza mboga na matunda karibu na River Road. Maneno yake nayakumbuka vizuri. "Mimi nami napenda jiji safi," alisema. "Lakini hii ni wiki ya tatu bomba la ploti yetu halijatoa maji. Faida ninayopata mjini naimaliza kwa mitungi: shilingi 20 mtungi mmoja, na siku za shida shilingi 50. Sasa nasikia kwamba hata mahali ninapoipatia faida hiyo pataondolewa. Sina ugomvi na jengo. Nauliza tu, aliyeyapanga haya alimwuliza nani?"

Ukumbi ulinyamaza. Yule mzee karani alifikiri kidogo, kisha akasema, "Hilo ni kweli, mama. Hata mimi ninayeyataka mabadiliko haya sikuulizwa."

Ndugu zangu wapenda mageuzi, swali la mama huyu ni la siasa kama lilivyokuwa dai lolote tulilolipeleka Kamukunji tarehe 7 Julai 1990. Tulidai vyama vingi ili mwananchi aweze kumchagua atakayemtawala, na aweze kumwuliza kabla jambo halijatendwa. Kura hupigwa mara moja kila baada ya miaka mitano. Jiji hujengwa na kubomolewa kila siku. Basi ikiwa sauti ya mwananchi inasikika siku ya kura tu, atakuwa amepata nusu ya haki yake, na nusu iliyobaki itakuwa mikononi mwa watu asiowajua.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli. Tangu mwanzo mji huu ulipangwa na watu wachache kwa manufaa ya wachache, na Mwafrika akahesabiwa kuwa mgeni wa muda aliyeletwa na kazi, na ambaye angerudi kwao kazi ikiisha. Mpango mkuu wa mwaka wa 1948 uliitazama Nairobi kama mji mkuu wa koloni. Uhuru ulipopatikana tulibadilisha majina ya barabara, lakini desturi ya kupanga bila kuuliza tuliirithi nzima nzima.

Mwaka wa 1983 Serikali kuu iliwaondoa madiwani wa Baraza la Jiji, na mahali pao ikaweka tume ya watu walioteuliwa. Jiji likaendeshwa na tume hadi uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Kwa muda wa miaka tisa hivi, mkazi wa Nairobi hakuwa na diwani aliyemchagua wala mlango wa kugonga. Hebu tazama yaliyotokea katika kipindi hicho kimoja.

Mwaka wa 1989 ilijulikana kwamba jengo la orofa 60 lingejengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park, liwe makao ya shirika la habari la chama kilichotawala. Bustani ile ilikuwa ndiyo sebule ya maskini, mahali ambapo mfanyakazi asiye na kiwanja wala ua angewapeleka watoto wake Jumapili wakapumue. Profesa Wangari Maathai aliandika barua ofisi baada ya ofisi akiupinga mradi huo. Alidhihakiwa Bungeni, na chama chake cha kupanda miti kikatolewa katika ofisi zake. Alipokwenda Mahakama Kuu, kesi yake ilitupwa kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kisheria ya kushtaki kuhusu jambo hilo. Yaani bustani ya umma ilikuwa inachukuliwa, na mmoja wa umma huo akaambiwa kwamba halimhusu! Hata hivyo kelele hazikuzimika, wafadhili wakarudi nyuma, na mwishowe mradi ukafa.

Mnamo Mei 1990 vibanda vya Muoroto vilibomolewa na wenyeji wake wakafukuzwa kwa nguvu. Viongozi wa makanisa waliosema kwamba maskini naye ni kiumbe wa Mungu waliambiwa wasiingilie siasa. Mwaka wa 1991 ukafuata mpango wa kuigeuza bustani ya Jeevanjee kuwa maegesho ya magari, ingawa ardhi ile mwenyewe aliwapa wakazi wa mji huu tangu mwaka wa 1906. Mjukuu wake, Bi. Zarina Patel, aliongoza upinzani, na bustani ikaokoka. Hadi leo watu wa kawaida huketi pale chini ya miti wakijadili mambo ya nchi yao.

Muoroto, Uhuru Park na Jeevanjee: mambo matatu katika miaka mitatu, na yote wakati jiji halikuwa na hata diwani mmoja wa kuchaguliwa. Siamini kwamba hayo yalitokea kwa bahati mbaya. Palipo na mlinzi, mwizi husitasita. Palipo na diwani anayeogopa kura, mnyakuzi naye hufikiri mara mbili. Ndiyo maana nasema kwamba harakati za vyama vingi na mapambano ya kuilinda ardhi ya jiji vilikuwa kitu kimoja. Akina mama waliogoma kula mwaka wa 1992 wakidai wana wao waliofungwa kwa ajili ya siasa walikusanyika katika pembe ya bustani ile ile iliyonusurika. Walipopigwa na polisi mwezi wa Machi, walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, lililo jirani. Kama jengo lile la orofa 60 lingalijengwa, wangalikusanyika wapi?

Mungu si Athumani. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilijibu mengi kati ya hayo. Kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na nyumba zenye viwango vya usafi vinavyofaa. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuyatetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye au mwingine ameumia. Laiti kifungu hicho kingalikuwapo mwaka wa 1989! Na baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kaunti zilikabidhiwa kazi zinazotugusa kila asubuhi: maji na maji taka, uzoaji wa taka, masoko, barabara za mitaa, maegesho, zahanati na mipango ya ujenzi.

Je, desturi ya zamani ilikufa? La hasha. Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Asubuhi hiyo maelfu ya watu walitembea kwenda kazini, wagonjwa na wajawazito wakiwamo, na agizo likasimamishwa upesi kwa sababu ya ghadhabu ya umma. Wale waliolitoa hawakukosa ofisi, wataalamu wala ramani. Walichokosa ni subira ya kuketi na abiria, dereva na mwenye duka kabla ya kutoa amri. Gharama ya kutouliza ililipwa na yule aliyetembea.

Mnamo Februari 2020 kazi nne kubwa za kaunti ya Nairobi, zikiwamo afya, uchukuzi na mipango, zilihamishiwa Serikali kuu. Likaundwa shirika maalumu la kuzisimamia, likiongozwa na jenerali wa jeshi, nalo likadumu hadi mwaka wa 2022. Nataka nilitendee haki shirika hilo: lilichimba visima katika mitaa ya wanyonge na kujenga zahanati mahali ambapo hapakuwa nazo, na watu walishukuru. Walakini, jema linaloletwa kwa amri lina kasoro yake. Pampu ya kisima ikiharibika, mwananchi amwendee nani? Anayempa maji akiwa hakuchaguliwa naye, hana namna ya kumwajibisha. Wale tuliokuwapo katika miaka ya tume tuliliona jambo hilo tukakumbuka mwaka wa 1983.

Sasa nirudi kwa hoja ya yule mzee karani, maana ni hoja nzito na haistahili kupuuzwa. Ni kweli kwamba katikati ya jiji ndiko chungu cha fedha kilipo. Ni kweli pia kwamba uchafu na msongamano huwafukuza wafanyabiashara, na kwamba si kila anayetaka jengo refu ni mnyakuzi. Mwanamageuzi anayepinga kila tofali atakuwa hana tofauti na mtawala anayekataa kila swali.

Hata hivyo, chungu hupikia watu wote wa nyumba. Mwaka wa 1999 Nairobi ilihesabiwa kuwa na watu 2,143,254; mwaka wa 2019 walikuwa 4,397,073. Sehemu kubwa ya maji yao hutoka katika bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994, wakati jiji lilipokuwa na chini ya nusu ya watu wa sasa. Limechimbwa handaki la kuongeza maji kutoka mito ya Murang'a, lakini foleni za mitungi bado tunaziona mitaani. Kila jengo refu litakaloinuka litaunganishwa na mabomba hayo hayo na mifereji hiyo hiyo ya maji taka. Tukiongeza majengo bila kuongeza maji, tunayahamisha tu: yanatoka katika ploti ya yule mama na kupanda hadi orofa ya 20. Na jalala la Dandora, lililotangazwa kuwa limejaa tangu mwaka wa 2001, haliulizi kama taka zimetoka hotelini au kibandani. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipowafurisha wakazi wa Mathare na Mukuru, tuliona wazi kwamba mfereji uliosahauliwa huua.

Kwa hiyo swali la maendeleo ya katikati ya jiji halitenganiki na swali la bomba la mtaani. Anayeamua la kwanza ameamua la pili, ajue asijue. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na katika jiji hili kata ni yule anayeamka saa kumi usiku kupanga foleni. Mpango usiosikia kauli yake ni mpango wa kipofu, hata kama umechorwa na wataalamu wa ng'ambo.

Nimesema ya watawala. Sasa niseme yetu, kwa maana hukumu huanza katika nyumba ya Mungu. Sisi wanaharakati tunajua kuandamana. Sisi wakristo tunajua kuomba na kufunga. Lakini ni wangapi kati yetu tuliowahi kuhudhuria kikao cha wadi cha kujadili makadirio ya fedha za kaunti? Aghalabu tangazo la kikao hutolewa siku chache kabla, kikao chenyewe hufanywa siku ya kazi saa za kazi, na waraka wa kujadiliwa huwa mnene na wa Kiingereza. Viti hubaki vitupu, au hujazwa na watu walioletwa wapige makofi. Kisha huandikwa kwamba wananchi walishirikishwa. Kutokuwapo kwetu kumegeuzwa kuwa sahihi yetu!

Nairobi ina wadi 85, yaani zaidi ya watu 50,000 katika kila wadi kwa wastani. Hakuna ukumbi wa kuwatosha hao, wala kikao kimoja cha saa mbili hakiwezi kuwasikia. Lakini karibu kila mtaa una kanisa, msikiti, chama cha akina mama na kikundi cha vijana. Katika miaka ya udikteta, makanisa ndiyo yaliyotupa mahali pa kusemea ukweli. Tarehe 1 Januari 1990, mchungaji Timothy Njoya alihubiri juu ya kuporomoka kwa tawala za chama kimoja huko Ulaya ya mashariki, na watu waliokuwa wakinong'ona wakaanza kusema. Kazi ya leo haina kishindo kama hicho, lakini inatoka katika wito ule ule. Naomba kila kanisa litoe ukumbi wake mara nne kwa mwaka, na tarehe zenyewe zimo katika sheria ya fedha za umma ya mwaka wa 2012.

Kwanza, kufikia tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwa umewasilishwa katika Bunge la Kaunti. Hapo ndipo miradi ya katikati ya jiji huonekana kwa mara ya kwanza, wakati bado ni maneno na haijawa zege. Pili, kufikia tarehe 28 Februari huwasilishwa waraka wa mkakati wa fedha, unaoonyesha kila idara itapewa kiasi gani. Tatu, kufikia tarehe 30 Aprili huwasilishwa makadirio yenyewe. Nne, mwezi wa Juni, kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai, tukutane tulinganishe tulichoahidiwa na tulichokiona. Walimu, wanasheria na wahasibu waliomo makanisani mwetu wautafsiri waraka kwa Kiswahili, wausome kwa sauti, na wananchi waulize. Nadhani hiyo nayo ni huduma, sawa na kuimba katika kwaya.

Na madai yetu yawe machache na yaliyo wazi. Hakuna jiwe la msingi liwekwe katikati ya jiji kabla ya ramani, gharama na mwenye mradi kutangazwa. Hakuna mchuuzi aondolewe kabla ya kuonyeshwa soko lenye maji, vyoo na wanunuzi, kwa maana soko lisilofikika ni adhabu iliyopewa jina jingine. Hakuna kituo cha matatu kihamishwe kabla abiria hawajasikizwa. Na kila jengo kubwa linalokubaliwa lionyeshwe maji yake yatatoka wapi na maji taka yake yatakwenda wapi.

Wanaosoma Biblia wanamkumbuka Nehemia. Alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu, alizigawa kazi kwa jamaa, na wengi wao wakajenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Lakini katikati ya ujenzi huo ulizuka ukelele wa wanyonge waliokuwa wameweka rehani mashamba na watoto wao ili wapate chakula. Nehemia hakuwaambia wangoje ukuta ukamilike. Aliwakusanya wakuu akawakemea, akawataka wavirudishe walivyovichukua. Ukuta ulikamilika, na walioujenga wakajua kwamba ni wao. Pia wanamkumbuka Nabothi, aliyeuawa kwa sababu mfalme alilitamani shamba lake lililokuwa jirani na jumba la kifalme. Jiji letu litajengwa kwa mfano wa mmoja kati ya habari hizo mbili.

Mkutano wetu haukuishia kwa maneno. Yule kijana utingo alileta karatasi, mzee karani akaandika barua kwa mwandiko wake mzuri wa zamani, na mama muuza mboga akawa wa kwanza kutia sahihi. Hatukuandika kwamba tunaupinga mpango, wala kwamba tunauunga mkono. Tumeomba tuonyeshwe mpango wenyewe, ikiwa upo, gharama yake, na ratiba ya maji ya mtaa wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari hizo, na sheria ya mwaka wa 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kutoa uamuzi.

Tumeanza kuzihesabu siku hizo. Siku ya 22, jibu lisipokuja, tutarudi pamoja mlangoni pa ofisi hiyo, mzee, kijana na mama, tukiwa na nakala ya barua yetu. Nawe msomaji, katika mtaa wako, hesabu yako umeianza?